Boti nyembamba, upepo na mvua ya Aprili kwenye mifereji ya Uingereza

Swali: "Tunaishi Coventry, mimi, mume wangu na mwanetu wa miaka tisa. Mwishoni mwa Aprili mama mkwe wangu anakuja kututembelea kutoka Tanga, na tungependa kukodi boti nyembamba kwa wiki moja tusafiri naye kwenye mifereji. Hatujawahi kuendesha boti. Kinachotutia hofu ni hali ya hewa ya mwezi huo, ambayo kwa siku moja huweza kuleta jua, mvua, upepo na hata mvua ya mawe. Je, tutakuwa tumefanya busara? Tupite wapi, na tujiandae vipi?"

Jibu: Dada yetu, safari hiyo inawezekana, na kwa familia yenye mtoto na mzazi ni miongoni mwa safari nzuri zaidi zinazopatikana nchini Uingereza, ila ratiba yenu lazima iwe na nafasi ya kutosha ya kusimama. Wengi wanaoniuliza kuhusu mifereji huhofia mvua, na hapo ndipo hofu yao inapokosea njia. Mvua peke yake hulowesha tu. Kinachoamua kama boti iondoke au ibaki ni upepo kwanza, kisha maji ya mto pale ambapo mfereji unakutana na mto. Na kinachowaingiza watu matatani mara nyingi ni ile ahadi ya kurudisha boti Jumamosi asubuhi, ambayo huwafanya waondoke katika hali ambayo wangekuwa na nafasi wasingeondoka.

Ili mwone kwa nini upepo una nguvu kiasi hicho, itazameni boti yenyewe. Upana wake ni takriban mita 2.08, kwa sababu loki nyingi za maeneo ya kati ya Uingereza, yaani vile vyumba vya maji vyenye milango ambavyo huipandisha au kuishusha boti, zilijengwa kwa upana wa mita 2.13 hivi. Urefu wa boti huweza kufika mita 21, na ya familia kama yenu itakuwa kati ya mita 15 na 18. Sakafu yake ni bapa, haina mkuku wa kuishika majini, na huzama sentimita 60 hadi 75 tu. Juu ya maji kuna ukuta wa chuma ulionyooka kutoka omo, yaani sehemu ya mbele, hadi tezi, yaani sehemu ya nyuma, na upepo wa ubavuni unapoupiga, ukuta huo huwa tanga ambalo hakuna nahodha anayeweza kulishusha. Boti haina breki. Husimamishwa kwa gia ya nyuma, na ikiwa kwenye gia hiyo usukani haufanyi kazi yoyote ya maana, kwa kuwa usukani huishi kwa maji yanayosukumwa na rafadha, yaani panga la injini, kuupitia.

Kutokana na hayo linatokea jambo ambalo kila mgeni wa kazi hii hulipata kinyume. Upepo unapovuma, silika humwambia apunguze mwendo. Kikomo cha kasi kwenye mifereji ni maili nne kwa saa, kama kilomita 6.4, na unapozipita boti zilizofungwa unatakiwa uwe chini zaidi ya hapo ili usizing'oe kamba zake. Kwa hiyo tayari mwendo ni wa mtu anayetembea. Ukiupunguza zaidi katikati ya upepo wa ubavuni, usukani unalegea, na omo inaanza kuelekea ukingo wa pili huku wewe ukiisukuma kana, yaani mkono wa usukani, bila matokeo. Inayosaidia ni nguvu kidogo ya injini, kwa muda mfupi, kana ikiwa imeelekezwa tayari, kisha kurudi kwenye mwendo wa kawaida. Fanyeni zoezi hilo siku ya kwanza, mahali penye nafasi, kabla ya kulihitaji.

Katika utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, msiishie kwenye wastani wa kasi ya upepo. Tazameni pia kasi ya dharuba, yaani mipigo ya ghafla ya upepo mkali, ambayo huandikwa saa kwa saa. Kipimo ninachowapa wanaoanza ni hiki: wastani usiozidi maili 15 kwa saa, na dharuba zisizofika 25, nendeni. Wastani ukifika 20, subirini mahali palipokingwa na miti au kilima. Dharuba zikifika 30, boti ibaki imefungwa, hata kama jua linawaka na anga ni la buluu. Siku ya manyunyu mfululizo isiyo na upepo ni siku njema ya safari kuliko siku ya jua yenye upepo mkali, na naomba mume wako alikubali jambo hili mapema, maana ni gumu kulikubali asubuhi ya jua mkiwa mmekwisha kunywa chai.

Kuhusu njia, nawashauri mchukue boti Braunston au Napton, ambazo haziko mbali na kwenu, mwende kusini kwa mfereji wa Oxford kuelekea Cropredy, na mkiwa na siku za kutosha mfike Banbury. Mfereji huu ulianza kuchimbwa mwaka 1769 chini ya usimamizi wa James Brindley, mhandisi yuleyule aliyejenga mfereji wa Bridgewater uliofunguliwa mwaka 1761, na ulifika Oxford mwaka 1790, miaka kadhaa baada ya yeye kufariki. Brindley alipendelea kuufuatisha mfereji kwenye usawa mmoja wa ardhi, ukizunguka vilima badala ya kuvitoboa. Upande wa kaskazini ulinyooshwa katika karne ya 19. Upande wa kusini ulibaki jinsi ulivyo, na ndiyo sababu ni mzuri mno kwa macho na ni mwalimu mkali wa upepo.

Baada ya kupanda loki tisa za Napton, chini ya kilima chenye kinu cha upepo, mtaingia kwenye kipande cha juu kabisa chenye urefu wa maili 11, karibu kilomita 18, kisicho na loki hata moja hadi Claydon. Hapo mfereji unapinda na kupindua. Karibu na Wormleighton unakizunguka kilima pande tatu, kiasi kwamba kijiji kilichokuwa mbele yenu kitaonekana ubavuni, kisha kama kilicho nyuma. Upepo uleule wa magharibi ambao haujabadilika hata kidogo utawapiga usoni, halafu ubavuni, halafu mgongoni, ndani ya saa moja. Msidhani hali ya hewa imegeuka. Ni nyinyi mliogeuka. Kabla ya kila kona jiulizeni upepo utakuwa upande gani mtakapotokea, na anzeni kuipanga omo upande huo unakotoka upepo ili usiwakute mkiwa tayari mmeegemea ukingo mwingine. Kuelekea mwisho wa kipande hicho, Fenny Compton, kuna mahali panapoitwa handaki hadi leo ingawa paa lake liliondolewa katika karne ya 19. Ni pembamba, boti mbili hupishana kwa shida, lakini kingo zake hukinga upepo vizuri.

Madaraja yanahitaji maelezo ya peke yake. Mengi ni ya matofali yenye tao moja, na chini yake mfereji hubanwa hadi upana unaoizidi boti kidogo tu. Mkiwa chini ya tao hakuna upepo. Kisha omo inatoka nje, na kwa sekunde kadhaa sehemu ya mbele ya boti iko kwenye upepo huku tezi ikiwa bado imekingwa na matofali. Upepo unaisukuma omo pembeni, boti inazunguka, na ubavu wa nyuma unagonga ukuta wa daraja. Anayeongoza aongeze nguvu kidogo pale tu omo inapoanza kutoka, na macho yake yawe kwenye maji ya mbele: maji yanayopigwa na dharuba huwa meusi na yenye mikunjo midogo, na matete ya ukingoni hulala kabla dharuba haijawafikia. Hizo ni sekunde nne au tano za onyo, na zinatosha. Mtoto asikalie paa wala asitoe mikono nje karibu na daraja, kwa namna yoyote ile.

Kufunga boti upepo unapotoka nchi kavu kuelekea majini ndiko kunakowashinda wengi. Msijaribu kuileta boti yote sambamba na ukingo. Ileteni omo kwanza, kwa pembe, mtu mmoja ashuke kwa kupiga hatua wala si kuruka, akiwa na kamba ya katikati mkononi, aizungushe mara moja kwenye nguzo au kigingi na kuacha kigingi kibebe uzito. Mwili wa mtu hauwezi kushindana na tani kumi na tano za chuma zinazosukumwa na upepo, na mtu anayeng'ang'ania kamba huishia majini. Baada ya hapo fungeni omo na tezi, na kamba ya katikati muilegeze, kwa sababu ikibaki imekazwa boti nyingine ikipita, yenu itaegama. Mvua ikiwa imenyesha siku mbili, udongo wa ukingo hulainika na vigingi hutoka vyenyewe usiku. Chagueni mahali penye kingo za mabati ya chuma, ambapo hutumika kulabu maalumu badala ya vigingi.

Sasa mto. Mfereji wenyewe haufuriki kwa urahisi, kwa kuwa maji ya ziada yana njia zake za kumwagikia. Lakini kusini ya Banbury, karibu na Aynho, mto Cherwell unaukata mfereji wa Oxford kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mbele zaidi, kati ya Shipton na Baker's Lock, boti husafiri ndani ya mto wenyewe. Baada ya mvua kubwa mkondo hapo unakuwa na nguvu ya kuivuta boti nyembamba upande ambao haikukusudia kwenda. Kwenye sehemu za namna hii huwekwa mbao za kuonyesha kimo cha maji: kijani ni hali ya kawaida, njano ni tahadhari, nyekundu ni kusimama. Kwa mara yenu ya kwanza, nasema geukeni Banbury, hata mbao zikiwa za kijani, kwa sababu mbao zilizo kijani wakati wa kwenda zinaweza kuwa nyekundu wakati wa kurudi, na mto hautajali kwamba boti inatakiwa Jumamosi. Kwa sababu hiyohiyo sikuwapendekezea njia ya Leicester inayopitia mto Soar, wala Stourport na mto Severn.

Nilisema mvua hulowesha tu, lakini inalowesha loki, na hapo lazima muwe waangalifu. Milango ya loki ina vibao vyembamba vya kukanyagia, na mbao zilizolowa huwa na utelezi mkubwa. Njia ya kupita juu ya milango itumike tu pale penye kishikio cha mkono, na kama kuna daraja hatua chache mbele, tumieni daraja. Hakuna sababu ya kukimbia. Vilango vya kupitishia maji hufunguliwa kwa hendeli inayochomekwa kwenye mhimili wenye meno. Hakikisheni kizuizi cha meno kimeshika, na msiiache hendeli ikining'inia kwenye mhimili, kwa maana kizuizi kikiteleza hendeli huzunguka kwa kasi ya kuvunja mkono. Hapa niseme waziwazi kuhusu mavazi: baibui, dera pana, ushungi wenye ncha ndefu na mitandio isogezwe mbali na meno hayo. Anayeshika hendeli avae nguo za kubana kiasi, au azifunge kiunoni na kuzifunika kwa koti la mvua.

Mnaposhuka ndani ya loki, mtaona mstari mweupe ukutani upande wa nyuma. Mstari huo unaonyesha mwisho wa kizingiti cha zege au mawe kilicho chini ya maji mbele ya mlango wa juu. Maji yakishuka huku tezi ikiwa imekaa juu ya kizingiti, sehemu ya nyuma inabaki juu na ya mbele inazama. Ni ajali iliyozamisha boti nyingi, na mara nyingi huanza kwa aliyeshika kana kutazama kitu kingine, hasa mvua inapompiga usoni na akainamisha kichwa. Mgawane kazi hivi: mmoja kwenye kana asiyefanya jambo jingine lolote, mmoja kwenye hendeli anayemtazama wa kwanza kabla ya kufungua chochote, na ishara moja ya mkono mliyokubaliana ya kufunga vilango mara moja. Mwanenu avae jaketi okozi muda wote akiwa nje. Mama mkwe akae kwenye kiti ndani wakati wa loki, kwa kuwa boti hugongagonga kuta na mtu aliyesimama anaweza kuanguka.

Kwa mzazi anayetoka Tanga, baridi ndilo jambo la kufikiria zaidi kuliko mvua. Mwishoni mwa Aprili mchana huwa wa nyuzi joto 12 au 13 hivi, na usiku huweza kushuka hadi 4 au chini yake. Kusimama kwenye kana saa nne bila kutembea ni baridi ya aina nyingine kabisa. Mvae nguo nyepesi nyingi moja juu ya nyingine, suruali ya mvua pamoja na koti, kofia, na viatu vyenye soli ya kushika. Mwavuli hauna kazi huko nyuma, unaziba macho na kushika upepo. Mama awe na shali, soksi nzito na nafasi yake karibu na dirisha la mbele, ambako ataona mashamba na kondoo wachanga bila kuguswa na upepo.

Ndani ya boti kutakuwa na jiko la kuni au makaa kwa ajili ya joto. Chumba kitapata joto haraka sana, na mtu mwenye baridi, akihisi upepo mdogo unaopenya kwenye matundu ya dari na ya milango, atataka kuyaziba kwa taulo. Nakusihini msifanye hivyo. Matundu hayo yamewekwa kwa makusudi, kwa sababu moto usiopata hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi ambayo huua watu wakiwa usingizini. Vilevile jiko la mkaa la kuchomea nyama, hata likionekana limezimika, lisiingizwe ndani ya boti wala kuachwa chini ya turubai la nyuma kwa sababu mvua imeanza. Sisi tuliokulia na jiko la mkaa tunalizoea mno kiasi cha kusahau kwamba nyumbani lilikuwa uani. Tangu Aprili 2019, masharti ya usalama wa boti yanataka kuwe na king'ora cha gesi hiyo. Kijaribuni kwa kubonyeza kitufe chake siku mnapopokea boti.

Turudi kwenye ratiba. Kadirieni dakika 20 kwa kila maili na dakika 20 kwa kila loki. Kutoka Braunston hadi loki ya chini ya Napton ni kama maili saba bila loki, yaani saa mbili na ushee; kuzipanda loki tisa ni saa tatu nyingine kwa wageni. Jueni pia kwamba kampuni nyingi haziruhusu kusafiri gizani, ingawa mwishoni mwa Aprili jua huchwea karibu saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo mchana mnao. Pangeni saa nne au tano za mwendo kwa siku, kisha ondoeni siku nzima moja kwenye hesabu kana kwamba haipo. Siku hiyo ndiyo mtakayoitumia upepo ukija. Na geukeni mapema: kama siku ya tatu jioni hamjafika Cropredy, geuzeni boti kwenye sehemu ya kugeuzia iliyo karibu na muanze kurudi taratibu. Mkiwahi kurudi, mtalala usiku wa mwisho karibu na kituo, na hata upepo ukivuma asubuhi hamtakuwa na safari ndefu.

Radi ikianza, fungeni boti na wote waingie ndani. Ukungu ukiwa mzito kiasi cha kutoona daraja linalofuata, vivyo hivyo.

Lipo pia jambo la ukame, ambalo mgeni hulishangaa katika nchi yenye mvua nyingi hivi. Kila boti inayopita loki nyembamba hushusha zaidi ya lita 100,000 za maji kutoka juu, na maji hayo hutoka kwenye mabwawa ya akiba. Mwaka 2025, baada ya majira ya kuchipua yaliyokuwa makavu, sehemu kubwa ya mfereji wa Leeds and Liverpool ilifungwa kwa kukosa maji. Canal & River Trust, taasisi inayosimamia takriban maili 2,000 za mifereji na mito ya England na Wales tangu mwaka 2012, hutangaza kila mahali palipofungwa; someni matangazo yake wiki moja kabla ya kuondoka na tena kila jioni mkiwa safarini.

Kabla ya kulipa, mpigieni simu mwenye boti na kumwuliza atafanya nini ikiwa upepo utawazuia kurudi kwa wakati. Mwenye boti mzuri atawaambia mbaki mlipo na mumpigie, na ataeleza kama kuna gharama. Mwulizeni pia muda gani atautumia kuwafundisha, na kama fundi wake atapita nanyi loki ya kwanza. Akijibu kwamba mafunzo ni ya dakika kumi gatini na kwamba boti irudi saa tatu asubuhi hata iwe vipi, tafuteni kampuni nyingine.